Uvira na Bukavu: watafiti wa maziwa yetu, walikosomea na wanachokitafuta

Swali linaloulizwa sana kwenye fuko za Uvira, Baraka na Bukavu ni rahisi kulisema: samaki wamekwenda wapi? Kulijibu ni kazi nyingine. Kwa zaidi ya miaka 70 jibu linatafutwa na kikundi kidogo cha wanasayansi wanaofanya kazi kando ya maji, katika nyumba mbili zisizosikika sana kwenye habari za kila siku.

Nyumba ya kwanza ni Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia cha Uvira, kinachojulikana kwa herufi CRH. Ya pili ni Chuo cha Juu cha Ualimu cha Bukavu, ISP, ambako wanaandaliwa walimu wa shule za sekondari, na ambako ndani yake kuna kikosi cha mafundisho na utafiti wa hidrobiolojia, yaani elimu ya viumbe vya majini. Moja iko kando ya ziwa Tanganyika, nyingine kando ya ziwa Kivu. Kati yao unapita mto Ruzizi, ambao unatoka Bukavu kwenye kimo cha zaidi ya meta 1,400 na kuteremka mpaka Uvira, karibu meta 770.

Ni nani hao watafiti? Walisomea wapi? Wanatafuta nini ndani ya maji haya? Ukifuata majina yao na kazi walizochapisha, unaona historia ya mashariki mwa Congo yenyewe: ukoloni, ushirikiano na nchi za mbali, vita, na juhudi za Wacongomani kuchukua utafiti wa maziwa yao mikononi mwao.

Kizazi cha kwanza: wageni kutoka Ubelgiji

Mwaka wa 1947 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilianzisha taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, IRSAC. Makao yake makubwa yaliwekwa Lwiro, katika Kabare, na Uvira ikapewa kituo cha kuchunguza ziwa. Miaka hiyohiyo, 1946 na 1947, ujumbe wa wanasayansi wa Kibelgiji ulizunguka ziwa Tanganyika lote ukikusanya samaki. Kati yao alikuwemo Max Poll, mtaalamu wa samaki wa jumba la makumbusho la Tervuren, ambaye vitabu vyake juu ya samaki wa Tanganyika vinatumiwa mpaka leo.

Katika kituo cha Uvira alifanya kazi Georges Marlier. Alichunguza jinsi samaki walivyosambaa katika bonde la Ruzizi, na mwaka wa 1953 akachapisha matokeo yake. Mwaka uliofuata, pamoja na mwenzake Leleup, aliandika katika gazeti la kisayansi la Nature habari iliyowashangaza wengi: katika ziwa Tanganyika kuna samaki ambao chakula chao ni magamba ya samaki wengine. Hawamli samaki mzima. Wanamvizia, wanamrukia ubavuni, wanang'oa magamba machache na kukimbia.

Habari hiyo ilionekana kama kituko. Karibu miaka 40 baadaye ndiyo iliyoifanya Uvira ijulikane katika madarasa ya biolojia ulimwenguni kote.

Kizazi cha pili: Uvira na Kyoto

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 670 na kina cha meta 1,470. Ni la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal la Urusi. Kwenye mawe ya fuko zake wanaishi samaki wadogo wa familia ya sikilidi, aina zipatazo 240, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Utajiri huo ndio uliowavuta Wajapani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, kundi lililoongozwa na Hiroya Kawanabe wa Chuo Kikuu cha Kyoto lilianza kuja Uvira, likifanya kazi pamoja na watafiti wa Zaïre.

Namna yao ya kufanya kazi ilikuwa tofauti na ile ya wakati wa Wabelgiji. Marlier na Poll walitegemea zaidi nyavu na chupa za kuhifadhia. Wajapani na wenzao wa Uvira walizama wenyewe, wakakaa chini ya maji wakihesabu samaki mmoja mmoja, wakiandika nani anakula nini, nani anamfukuza nani, na nani analinda mayai ya nani.

Hapo ndipo majina ya Wacongomani yanaanza kuonekana kwenye vichwa vya makala za kisayansi. Nshombo Muderhwa, mtafiti wa Uvira, alichapisha mwaka wa 1985, pamoja na Wajapani wawili, uchunguzi juu ya yule mla-magamba, Perissodus microlepis, na jinsi chakula chake kinavyobadilika anapokua. Mwaka wa 1994, safari hii peke yake, alirudi kwa samaki huyohuyo na kuonyesha kwamba rangi zake mbalimbali zinahusiana na namna yake ya kuwinda. Gashagaza, mwenzake wa Uvira, alijishughulisha na uzazi: mwaka wa 1991 alichapisha kazi ndefu juu ya namna mbalimbali za kuzaa na kulea za kundi moja la sikilidi, ambamo wako wanaotaga kwenye nyufa za mawe na wanaotaga ndani ya makoa matupu ya konokono. Mboko naye alishiriki mwaka wa 1998 katika kazi juu ya samaki mdogo anayekula majani ya mawe, ambaye mdomo wake umepinda upande mmoja.

Mdomo uliopinda si jambo dogo. Mjapani Michio Hori, aliyefuatilia wala-magamba kwa miaka mingi, hasa Luhanga karibu na Uvira, aligundua kwamba baadhi yao wana mdomo unaofunguka kuelekea kulia na wengine kushoto. Mwenye mdomo wa kulia anashambulia ubavu wa kushoto wa samaki mwenzake, na mwenye wa kushoto anashambulia ubavu wa kulia. Sasa, ikiwa wa kulia wamekuwa wengi, samaki wanaowindwa wanazoea kulinda ubavu wa kushoto. Hapo wale wachache wa upande wa pili wanapata chakula kwa urahisi, wanazaa zaidi, na baada ya miaka michache wao ndio wanakuwa wengi. Kisha mambo yanageuka tena. Hakuna upande unaoweza kushinda moja kwa moja.

Matokeo hayo yalitoka mwaka wa 1993 katika gazeti la Science. Wanafunzi wa biolojia duniani kote wanayasoma kama mfano wa jinsi maumbile yanavyowabakiza wachache hai kwa sababu tu ni wachache. Mfano huo ulipatikana kwenye mawe ya Uvira, na mla-magamba huyo alichunguzwa pia na watafiti waliokuwa wakaaji wa hapo.

Bukavu: sambaza na barabara ya Namur

Watafiti wa Bukavu walikuta ziwa la namna nyingine. Ziwa Kivu ni maskini wa samaki: aina zake hazifiki 30. Katika maji ya mbali na ufuko hapakuwa na samaki wa kula vidudu vidogo vinavyoelea, ambavyo wataalamu wanaviita zooplanktoni. Ndiyo sababu, karibu mwaka wa 1959, Mbelgiji Collart alihamisha vitoto vya samaki kutoka Tanganyika na kuvimwaga Kivu. Samaki mmoja alishika mizizi: Limnothrissa miodon, yule ambaye Tanganyika wanamwita lumbu. Upande wa Kivu akapewa jina la sambaza.

Leo ni vigumu kufikiri juu ya Bukavu, Goma au Idjwi bila sambaza. Lakini kwa mwanasayansi, samaki aliyeletwa na binadamu ni swali kubwa. Je, ziwa litaweza kumlisha? Akila vidudu vyote, nini kitafuata? Mwaka wa 1986 Mbelgiji Henri Dumont aliandika kwamba kidudu kimoja kikubwa cha Kivu kilikuwa kimekwisha kutoweka, na akauliza kama sambaza asingekuwa balaa jingine la mazingira kwa Afrika.

Waliochukua swali hilo na kulifuatilia mahali penyewe walikuwa walimu wa ISP Bukavu. Walipitia barabara moja: Chuo Kikuu cha Namur, Ubelgiji. Kaningini Mwenyemali alipata doktora yake huko mwaka wa 1995 kwa utafiti juu ya ukuaji, uzazi na uvuvi wa sambaza katika ghuba ya Bukavu. Ni aina ya kazi ambayo mvuvi anaielewa mara moja: sambaza anazaa lini, anafikia urefu gani kabla ya kuzaa, anavuliwa akiwa na umri gani.

Isumbisho Mwapu aliteremka hatua moja chini, kwenye chakula cha sambaza. Mwaka wa 2006 yeye na wenzake, kati yao Kaningini na Jean-Pierre Descy wa Namur, walichapisha picha ya zooplanktoni ya Kivu nusu karne baada ya sambaza kuletwa. Walionyesha kwamba jamii ya vidudu imebadilika kweli. Lakini ziwa halikufa. Kila mwaka, katika kiangazi, pepo zinachanganya maji, mbolea ya chini inapanda, mimea midogo ya majini inaongezeka, na vidudu vinaifuata. Sambaza anaishi kwa kufuata mzunguko huo.

Kisha akaja mgeni mwingine. Kwenye mwaka wa 2006 alionekana katika ziwa Kivu samaki mwembamba anayeng'aa, Lamprichthys tanganicanus, yeye pia mwenyeji wa Tanganyika. Mulungula Masilya, pamoja na Isumbisho na watafiti wa Ubelgiji, alifungua matumbo ya samaki hao wawili ili kujua kama wanagombania chakula kimoja. Kazi hiyo ilitoka mwaka wa 2011, na inaonyesha wapi wanagongana na wapi wanaachana, kati ya ufuko na maji ya mbali. Kwa mvuvi, tofauti hiyo ina maana: samaki mpya anayemnyang'anya sambaza chakula chake anapunguza pia kilo zinazofika sokoni.

Ndagala, joto na upepo

Uvira nako maswali yalibadilika. Samaki wa mawe waliwaletea watafiti sifa, lakini si wao wanaojaza sahani za watu. Katika ziwa Tanganyika, karibu mavuno yote ya kibiashara yanatokana na aina tatu za maji ya mbali: ndagala, lumbu, na mukeke anayewala hao wawili.

Mulimbwa N'sibula wa CRH aliwachagua hao watatu. Mwaka wa 1993 alikuwa amekwisha kuandika juu ya umri na ukuaji wao katika maji ya kaskazini upande wa Zaïre. Baadaye aliendelea na Jouko Sarvala wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, nchi ambayo ilisaidia mradi mkubwa wa FAO wa kuchunguza ziwa hili katika miaka ya 1990. Mwaka wa 2014 walichapisha kazi inayolinganisha mavuno ya ndagala na lumbu na wingi wa vidudu wanavyokula, majira kwa majira.

Kazi ya namna hiyo haina mwangaza wa ugunduzi mkubwa. Inadai mtu aende ziwani tena na tena, achote maji, ahesabu vidudu chini ya darubini, apime samaki kwenye ufuko wakati mitumbwi inarudi, na aandike. Asipoandika mwezi mmoja, mwezi huo umepotea kabisa.

Umuhimu wake ulionekana wazi mwaka wa 2003, wakati kundi la wanasayansi, akiwemo Mmarekani Catherine O'Reilly na Mbelgiji Pierre-Denis Plisnier, lilipotangaza katika Nature kwamba joto linalozidi linadhoofisha ziwa Tanganyika. Sababu si ngumu. Maji ya chini sana ya ziwa hili hayana hewa ya oksijeni, lakini yana mbolea nyingi. Mbolea hiyo inafika juu pale upepo wa kiangazi unapoyakoroga maji. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi na kukaa juu kama mafuta. Upepo ukipungua, hayachanganyiki tena vizuri. Watafiti hao walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa karibu asilimia 30.

Hili linabadilisha mazungumzo ya ufukoni. Kwa kawaida lawama inamwangukia mvuvi: nyavu zenye matundu madogo, vyandarua, wavu wa kukokota kwenye mazalio. Lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini kama sehemu ya upungufu inatokana na joto la dunia, basi hata ufuko wenye wavuvi waaminifu utapata kidogo kuliko zamani. Kutenganisha sababu hizo mbili kunahitaji hesabu za miaka mingi zilizochukuliwa mahali pamoja, na hesabu hizo anaweza kuzichukua vizuri mtu anayeishi hapo.

Ndagala mmoja kwa nchi nne

Kazi nyingine ya karibuni inagusa siasa moja kwa moja. Mwaka wa 2019 watafiti wa Ubelgiji, pamoja na Mulimbwa na Masilya, walichapisha uchunguzi wa ADN ya ndagala kutoka sehemu mbalimbali za ziwa. Walitaka kujua kama kuna ndagala wa kaskazini na ndagala wa kusini, makundi yanayozaana kila moja kivyake. Hawakuona mgawanyiko wa namna hiyo. Kwa upande wa damu, ndagala wa ziwa lote ni kundi moja.

Maana yake iko wazi kwa mtu yeyote anayeshiriki chungu kimoja na jirani. Congo ina karibu asilimia 45 ya ziwa, Tanzania inafuata kwa karibu, kisha Burundi na Zambia. Kama Uvira inapumzisha ziwa huku wengine wakiendelea kuvua bila mpango, Uvira inawawekea wengine akiba. Kama wengine wanapumzika na Uvira inavua, ni kinyume chake.

Nchi hizo nne zilitia sahihi mkataba juu ya usimamizi wa ziwa tarehe 12 mwezi wa sita 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Mwaka wa 2024, katika mpango wa pamoja wa kulipumzisha ziwa, Tanzania ilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano hadi tarehe 15 mwezi wa nane. Kwa familia inayoishi kwa ndagala, miezi mitatu bila kuvua ni njaa. Ndiyo sababu inafaa mvuvi anayeombwa kusubiri aelezwe ni kwa nini, na aelezwe na mtu aliyehesabu samaki hao kwa mikono yake.

Kinachoweza kukatika

Utafiti wa muda mrefu unahitaji kitu ambacho mashariki mwa Congo mekikosa: miaka mfululizo ya utulivu. Vita viliingia Uvira mwezi wa kumi 1996, na tangu hapo usalama umekuja na kuondoka. Wajapani walikuwa tayari wamefungua uwanja mwingine wa kazi Mpulungu, Zambia, kusini mwa ziwa, na huko waliendelea. Mgeni anaweza kuhamisha darubini na vyombo vyake vya kuzamia. Mtafiti wa Uvira anabaki na ziwa lake.

Maji yenyewe nayo yameleta shida. Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe na mito mingine ya Uvira ilifurika, ikaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Kisha ziwa likapanda na kuingia katika mitaa ya ufukoni. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, kwa hiyo maji yakizidi hayana haraka ya kuondoka. Kupima kimo cha ziwa, kuchunguza udongo unaoletwa na mito kutoka milima iliyokatwa miti, yote hayo ni kazi ya hidrobiolojia pia, na sasa yanagusa usalama wa watu pamoja na chakula chao.

Ukitazama safari za watafiti hawa, unaona kwamba kila kizazi kilipata mlango wake nje: Kyoto, Namur, Turku, Tervuren. Milango hiyo ilifunguliwa na miradi, na miradi ina mwisho. Mtu mmoja mwenye doktora katika elimu hii anatengenezwa kwa miaka mingi, na wanaomfuata hawajipangi wenyewe mlangoni. Anapostaafu bila kuacha msaidizi aliyezoea kupima samaki pamoja naye, mfululizo wa hesabu unakatika, na maswali ya mwaka wa 1993 yanaanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuyauliza.

Upande huo, Bukavu ina faida moja. ISP inaandaa walimu. Mwanafunzi anayejifunza hapo kuhesabu vidudu vya ziwa Kivu huenda asiwe mtafiti hata siku moja; huenda akapelekwa kufundisha biolojia Kalehe, Idjwi, Fizi au Walungu. Lakini atakaposimama mbele ya watoto wa wavuvi na kufungua somo la viumbe hai, anaweza kuanza na sambaza aliyetoka Tanganyika, au na samaki wa Luhanga mwenye mdomo uliopinda.